Udongo Unapokosa Pumzi: Mafuriko Chini ya Mlima Meru

Kila masika maji hushuka kutoka Mlima Meru kwa mito kama Themi na Nduruma. Mvua zikizidi, kama ilivyokuwa mkoani Arusha mwaka 2024, maji hufurika na kutuama mashambani. Siku chache baadaye mahindi huanza kuwa ya manjano, na watu husema rutuba imechukuliwa na maji. Kauli hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Sehemu ya rutuba hiyo hupaa angani, nao wanaoipaisha ni viumbe wasioonekana kwa macho.

Udongo mzuri una vinyweleo vyenye hewa. Oksijeni hupenya katika maji polepole mara 10,000 kuliko hewani. Kwa hiyo shamba likifunikwa, mizizi na bakteria humaliza akiba ya oksijeni kwa siku moja au mbili. Ndipo baadhi ya bakteria hugeukia oksijeni iliyomo katika naitreti, chumvi ambayo mahindi huitegemea sana ili kupata naitrojeni. Naitrojeni inayobaki huwa gesi na kutoweka.

Naitreti ikiisha, hufuata zamu ya manganizi, kisha ya chuma. Chuma ndicho kinachoupa udongo rangi nyekundu. Kikibadilika, udongo huwa wa kijivu, na fosforasi iliyoshikwa nacho huachiliwa. Faida hiyo haidumu. Udongo ukikauka, chuma huikamata tena, na udongo wa majivu ya volkano, kama ule wa Meru, hujulikana kwa kuishika fosforasi kwa nguvu. Maji yakikaa zaidi hutoka gesi yenye harufu ya mayai viza, na mwishowe methani.

Mpunga hustahimili hali hiyo kwa sababu una mifereji ya ndani inayopeleka hewa mizizini. Mahindi hayakujaliwa hivyo kwa kiasi kama hicho.

Basi anayetia mbolea ya chumvichumvi yenye naitreti katika maji yaliyotuama hulisha bakteria, wala si mahindi. Yafaa kwanza kuchimba mifereji, kungoja udongo upate hewa, ndipo mbolea itiwe.

Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili. Tieni udongo mwekundu katika chupa ya kioo, changanyeni na majani makavu yaliyopondwa, kisha jazeni maji bila kukaza kifuniko. Itazameni rangi ya udongo kwa majuma kadhaa: ukijivu utakaotokea ni kazi ya bakteria.