KLINIKI YA TIBA YA USEMI MAREKANI: LESENI PEKE YAKE HAITOSHI

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unavuka bahari. Siku hizi ni vigumu kupata kigango kisichokuwa na familia yenye mtoto, shemeji au mjukuu Marekani. Wengine walikwenda kusoma wakabaki huko. Wengine, hasa ndugu zetu Wakongo, walihamishiwa huko kutoka kambi kama Nyarugusu. Baadhi ya vijana hao wamesomea fani ambayo kwetu bado ina wataalamu wachache sana, yaani tiba ya usemi na lugha. Sasa wanataka kufungua kliniki zao wenyewe, na wazazi huku nyumbani wanaombwa kuchangia mtaji. Mzazi anayeuza ng'ombe ili kodi ya chumba ilipwe Ohio anayo haki ya kuelewa fedha zake zitakaa muda gani kabla ya kliniki kuanza kulipwa.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Mtaalamu wa tiba ya usemi humsaidia mtoto aliyechelewa kuongea, mwenye kigugumizi, mwenye usonji au utindio wa ubongo, na mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa mdomo sungura. Kwa watu wazima humsaidia aliyepata kiharusi apate tena maneno, na pia ajifunze kumeza chakula bila kupaliwa. Watu wengi hushangaa kusikia habari ya kumeza, lakini sisi wauguzi tunajua jinsi uji unaoingia kwenye mapafu unavyoweza kumwua mgonjwa. Kwetu mtoto asipoongea mapema, bibi hushauri uzi wa chini ya ulimi ukatwe. Mara nyingi tatizo haliko kwenye uzi huo kabisa, nao wembe huleta kidonda tu. Kinachotakiwa ni mazoezi ya miezi mingi pamoja na mtu aliyefundishwa.

VIBALI VIWILI VISIVYOFANANA

Wale wanaofahamu habari za zahanati zetu wataelewa upesi. Zahanati ikiisha kusajiliwa na wizara inaweza kutibu watu, lakini haiwezi kuudai Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hata shilingi moja mpaka ikubaliwe na Mfuko wenyewe. Kibali cha kutibu ni kimoja, na kibali cha kulipwa ni kingine. Marekani ni vivyo hivyo, ila milango ni mingi zaidi, na kila jimbo lina ufunguo wake.

Kibali cha kutibu ni leseni, nayo hutolewa na bodi ya jimbo, si na Serikali Kuu ya Washington. Majimbo yote 50 yanadai leseni au kibali cha namna hiyo. Kwa kawaida mtu huwa na shahada ya uzamili kutoka chuo kilichothibitishwa, naye hufanya mtihani wa taifa uitwao Praxis. Kisha hufanya kazi kipindi cha kwanza chini ya uangalizi wa mtaalamu mzoefu. Chama cha wataalamu wa fani hiyo, kiitwacho kwa kifupi ASHA, ambacho kilianzishwa mwaka 1925, hutoa cheti chake chenyewe. Ili kukipata, mwanafunzi lazima awe na saa 400 za mafunzo ya vitendo, 25 kati ya hizo zikiwa za kutazama wengine wakitibu na 375 za kuhudumia wagonjwa. Baada ya shahada hufuata kipindi cha uangalizi kisichopungua wiki 36 na saa 1,260.

Cheti hicho cha ASHA kinaheshimiwa sana, lakini si leseni. Binti mwenye cheti ukutani na asiye na leseni ya jimbo haruhusiwi kutibu. Wakati wa kipindi cha uangalizi majimbo mengi hutoa leseni ya muda, nayo si leseni ya kufungulia kliniki. Anayehama kutoka Texas kwenda Kentucky naye aulize bodi ya huko kabla ya kufunga mizigo, maana asidhani kwamba leseni ya jimbo moja humfuata mtu kama pasipoti.

MEDICAID NI NINI?

Medicaid ni mpango wa serikali wa kulipia matibabu ya watu wa kipato kidogo. Ulianzishwa kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965. Serikali Kuu na jimbo huchangia gharama, na jimbo ndilo linaloendesha mpango. Ndiyo maana jina hubadilika: California huitwa Medi-Cal, Tennessee huitwa TennCare, na Massachusetts ni MassHealth. Usiuchanganye na Medicare, ambao hasa ni wa wazee waliofikia miaka 65 na baadhi ya walemavu.

Kwa kliniki ya watoto Medicaid ni jambo kubwa, kwa sababu sheria ya Serikali Kuu inalitaka jimbo kulipia tiba ya usemi ya mtoto wa chini ya miaka 21 aliyemo katika mpango, maadamu tiba hiyo ni ya lazima kwa afya yake. Kwa mtu mzima sivyo. Majimbo yana uhuru wa kulipia, kuweka mipaka au kutolipia. Babu aliyepata kiharusi akiwa na miaka 60 anaweza kuhudumiwa jimbo moja na kukataliwa jimbo la pili. Akiwa na Medicare mambo ni mepesi zaidi, na tangu tarehe 1 Julai 2009 mtaalamu wa usemi mwenye kliniki yake anaweza kuidai Medicare moja kwa moja.

Sasa tuifuate safari ya binti yetu. Akiisha kupata leseni kamili, huandikisha biashara yake jimboni na kupata namba ya kodi ya mwajiri yenye tarakimu 9. Namba hiyo hutolewa bure na ofisi ya kodi ya taifa. Kisha huomba namba ya utambulisho wa mtoa huduma, iitwayo NPI, yenye tarakimu 10, nayo pia ni bure. Akitokea mtu wa kumdai fedha kwa ajili ya namba hizi, ajue huyo ni dalali. Kliniki ikiwa ni kampuni, huwa na NPI yake, na binti mwenyewe huwa na yake. Halafu hukata bima ya makosa ya kitaaluma, hufungua akaunti ya benki ya biashara, na ndipo hupeleka ombi la kuandikishwa Medicaid ya jimbo lake.

Jimbo halipokei tu fomu na kupiga muhuri. Sheria ya mwaka 2010 ya mageuzi ya bima iliongeza uchunguzi wa watoa huduma, hivyo jimbo huhakiki leseni, na hutazama kama jina limo katika orodha ya waliofungiwa kwa udanganyifu. Uhakiki hurudiwa angalau kila miaka 5. Mtu akihama ofisi bila kutoa taarifa, barua ya kumkumbusha huenda kwenye anwani ya zamani, naye hushtukia jina lake limefutwa.

Hapa niwaambie jambo linalowahusu watu wetu hasa, yaani majina. Mtu amebatizwa Maria Goreti, shuleni akaandikwa kwa jina la baba na la babu, pasipoti ikageuza mpangilio, na baada ya ndoa akachukua jina la mume. Leseni inasema hivi, namba ya NPI inasema vile, ofisi ya kodi ina jina la tatu. Kompyuta ya jimbo haijui kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Ombi hurudishwa, na wiki hupotea. Kabla ya kuomba chochote, binti achague jina moja lililo kwenye hati zake za kisheria, kisha arekebishe kila mahali, herufi kwa herufi.

MAHALI PA HASARA

Katika majimbo mengi Medicaid haimlipi mgonjwa wala kliniki moja kwa moja. Jimbo huyapa mashirika ya bima kazi ya kusimamia wanachama, na binti akiisha kuandikishwa na jimbo, bado hana budi kufanya mkataba na kila shirika analotaka kulidai. Kila moja lina fomu zake na uhakiki wake. Jumla ya safari hii yaweza kuchukua wiki kadhaa au miezi kadhaa.

Tuseme amepanga chumba Januari na kuanza kupokea watoto Februari. Barua ya jimbo inafika Mei, ikisema uandikishwaji wake unaanza Aprili. Kazi ya Februari na Machi yaweza kupotea yote. Baadhi ya majimbo hurudisha tarehe nyuma, mengine hayafanyi hivyo, na hata jimbo likikubali, shirika la bima laweza kukataa. Wala asifikiri kwamba atawageukia akina mama wa watoto hao. Mtoa huduma aliyemo Medicaid anatakiwa kupokea malipo ya Medicaid kuwa ndiyo malipo kamili, na haruhusiwi kumdai mzazi nyongeza kwa huduma iliyolipiwa. Mzazi akipewa bili ya namna hiyo asilipe kwa aibu. Apige simu ya huduma kwa wanachama iliyoandikwa nyuma ya kadi yake.

Hata baada ya kuandikishwa, madai hukataliwa kwa sababu ndogo ndogo. Tiba yenyewe huhitaji rufaa ya daktari au ya mhudumu mwingine wa afya mwenye leseni. Mara nyingi shirika la bima hudai idhini kabla ya tiba kuanza, na idhini huwa na idadi ya vipindi na tarehe ya mwisho. Akiajiri mtaalamu wa pili, huyo naye lazima aandikishwe. Kila kipindi kiandikwe siku hiyohiyo: tarehe, mtoto alifanya nini, aliendeleaje, nani alitibu. Wakaguzi huja hata baada ya miaka, na kazi isiyoandikwa huhesabiwa kwamba haikufanyika, hivyo fedha hurudishwa.

Kwa maoni yangu, binti asiyekuwa na akiba ya miezi 6 aanze kwa kuajiriwa, huku maombi yake yakienda polepole. Viwango vya Medicaid mara nyingi viko chini ya vile vya bima binafsi, na kodi ya chumba haisubiri barua. Wengine huanza kwa kuwatembelea watoto nyumbani, jambo ambalo ni jema pia kwa mtoto, maana mama hujifunza mazoezi akiwa jikoni kwake. Aulize tu kama jimbo lake linalipia tiba ya nyumbani.

KWA WAZAZI WALIOKO HUKO

Baadhi ya wasomaji hutumiwa gazeti hili ng'ambo, na hao watakuwa upande wa mgonjwa. Mtoto akichelewa kuongea wasingoje kliniki binafsi peke yake. Chini ya miaka 3 kuna huduma ya mapema ya jimbo. Kuanzia miaka 3 shule ya serikali ina wajibu wa kumpima na kumhudumia bure akistahili, hata kama hana Medicaid. Familia zilizoingia kama wakimbizi ziulize hali yao upesi. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imepunguza makundi ya wageni wanaoruhusiwa kupata Medicaid ya Serikali Kuu kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, ingawa kwa watoto na wajawazito majimbo yana nafasi ya kufungua mlango zaidi.

Kliniki inayopokea fedha za Serikali Kuu inatakiwa kumpatia mzazi mkalimani bila malipo. Kaka wa miaka 10 asifanywe mkalimani wa habari za ugonjwa wa mdogo wake. Binti anayefungua kliniki naye aiweke gharama hiyo katika hesabu zake, maana si kila jimbo hurudisha fedha za mkalimani.

Na mtoto anayechanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja si mgonjwa. Tatizo la kweli huonekana katika lugha zote mbili. Mtaalamu anayempima mtoto kwa Kiingereza tu, ilhali nyumbani husikia Kiswahili, hajampima sawasawa. Hapa ndipo vijana wetu waliosomea fani hii wana faida kubwa, kwa kuwa mtoto akisema "kitabu yangu" watajua kama ndivyo wanavyosema watu wa kwao au kama kweli ameshindwa.

Mzazi aliyeombwa mtaji aombe kuona barua ya kuandikishwa Medicaid, na asome tarehe ya kuanza, si tarehe ya barua. Leseni nayo huweza kutafutwa bure kwa jina kwenye orodha ya bodi ya jimbo, na NPI kwenye orodha ya taifa, zote kwa intaneti. Kijana yeyote mwenye simu hapo parokiani anaweza kukutafutia.