Sura na Matumizi ya Herufi za Fraktur

Herufi ziitwazo Fraktur ni za jamaa ya herufi nene, nyeusi, zilizotumika Ulaya ya Kaskazini tangu ufundi wa kupiga chapa ulipoanza huko. Biblia ya Johannes Gutenberg, iliyotoka Mainz yapata mwaka 1455, ilifuata mwandiko wa makarani wa zama zake, wenye mistari wima iliyosongamana hata ukurasa ukafanana na kitambaa. Ndiyo sababu ukaitwa Textura, yaani kilichofumwa. Fraktur ilikuja baadaye, ikaonekana katika kitabu cha sala cha Kaisari Maximilian wa Kwanza, kilichopigwa chapa mwaka 1513. Jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuvunja, nalo lafaa sana: pale ambapo herufi ya Kirumi hujipinda, ya Fraktur huvunjika ikafanya pembe.

Herufi zake kubwa zimejaa mapambo, kwa hiyo neno lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu halisomeki ila kwa taabu. Wala haina herufi za mlalo. Mpanga chapa alipotaka kutilia neno mkazo aliziachanisha herufi zake. Maneno ya Kilatini na Kifaransa yalipangwa kwa herufi za Kirumi katikati ya habari za Kijerumani, hata msomaji akautambua ugeni wa neno kabla ya kulisoma.

Lakini lililo kubwa kwa wachunguzi wa lugha ni habari ya s. Fraktur ina s mbili: ndefu, ambayo ni rahisi kudhaniwa f, na fupi ya mviringo. Fupi huwekwa mwisho wa neno, au mwisho wa sehemu ya neno lililoungwa. Basi Wachstube, ikiwa na s ndefu, ni Wach na Stube, chumba cha walinzi. Ikiwa na s fupi, ni Wachs na Tube, bomba la nta. Herufi za Kirumi zimeipoteza tofauti hiyo.

Wajerumani walibishana sana juu ya herufi hizi, na mwaka 1911 shauri lilifika Bungeni kwao, ila Fraktur haikuondolewa. Wageni wengi hudhani ni herufi za Wanazi. Kweli, hapo kwanza Wanazi walizisifu. Lakini tarehe 3 Januari 1941 waraka uliotiwa sahihi na Martin Bormann uliamuru ziachwe, kwa madai kwamba asili yake ni ya Kiyahudi. Madai hayo hayana msingi wowote katika historia. Yaliyo karibu zaidi na akili ni kwamba watu wa nchi zilizotekwa hawakuweza kuzisoma.

Siku hizi herufi za jamaa hii zimebaki kuwa za pambo: katika majina ya magazeti kama The New York Times, katika hati za shahada, na katika vibao vya nyumba za wageni. Huko Ujerumani, vibao hivyo mara nyingi huandika Gasthaus kwa s fupi mbili, ambapo kanuni ya kale ilitaka ile ya kwanza iwe ndefu.