Meza ya Kuning'inia Kichwa Chini na Maumivu Sugu ya Mgongo

Meza ya kuning'inia kichwa chini ni ubao wenye mto mwembamba, uliofungwa katikati kwenye fremu ya chuma ili upande mmoja ukipanda mwingine ushuke, kama pembea. Mtumiaji huegemea ubao akiwa amesimama, hubana vifundo vya miguu kwa vishikizo, kisha huinua mikono taratibu juu ya kichwa. Uzito wa mikono hiyo pekee hutosha kuushusha upande wa kichwa. Akitaka kurudi, huishusha tena kuelekea mapajani. Kifaa hiki hutumiwa hasa na wenye maumivu sugu ya kiuno, yaani yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu. Hoja yake ni kwamba uzito uleule unaoubana mgongo kutwa nzima huunyoosha mwili ukipinduliwa.

Kiuno kina pingili 5, na kati ya pingili na pingili pana diski: pete ngumu ya nyuzi iliyozunguka kiini chenye majimaji. Mchana diski hubanwa na kupoteza maji, usiku huyarudisha. Ndiyo maana mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni. Katika miaka ya 1960 daktari wa Sweden, Alf Nachemson, alipima shinikizo ndani ya diski za watu hai kwa kutumia sindano. Aligundua kwamba shinikizo huwa dogo mtu akilala chali, huongezeka akisimama, na hupanda zaidi akiinama na mzigo.

Katika wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, hali hiyo ya mwisho ni kazi ya kila siku. Wachukuzi wa Bandari ya Mwanza Kusini huinama na kuinuka na magunia. Huko Mabatini, ambako nyumba nyingi zimejengwa juu ya mawe na magari hayafiki, mfuko wa saruji wa kilo 50 hupandishwa mlimani begani au kichwani. Dereva wa bodaboda naye hukaa saa nyingi kwenye kiti kinachotikisika, mgongo ukiwa umepinda.

Nguvu ya mvuto wa meza hutegemea pembe. Ubao ukishuka nyuzi 30 chini ya usawa wa kulala, mvuto ni nusu ya uzito wa sehemu ya mwili iliyo juu ya kiuno, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo huliwa na msuguano kati ya mgongo na ubao. Katika nyuzi 60 mvuto hufikia takriban asilimia 87 na msuguano hupungua. Nafasi kati ya pingili hupanuka kidogo, misuli iliyokaza hulegea, na mshipa wa fahamu uliobanwa unaweza kupata nafuu. Mtu akisimama tena, uzito hurudi palepale. Kwa kawaida nafuu hiyo ni ya muda.

Wazo lenyewe ni la kale. Hippocrates wa Ugiriki alieleza jinsi wagonjwa wenye kibiongo walivyofungwa kwenye ngazi na kugeuzwa kichwa chini, na akawalaumu matabibu waliofanya hivyo ili kushangaza watu. Ushahidi wa leo nao umegawanyika. Jaribio dogo la Newcastle, Uingereza, lililochapishwa mwaka 2012, lilihusu wagonjwa wenye tatizo la diski moja waliokuwa wakisubiri upasuaji. Asilimia 77 ya waliotumia meza waliuepuka, dhidi ya asilimia 22 ya wasioitumia. Lakini wagonjwa walikuwa wachache mno. Mwaka 2013 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa tiba, yalikusanya majaribio 32 ya tiba za kuvuta mgongo, kundi ambalo meza hii imo, yakaona kwamba tiba hizo zina faida ndogo au hazina kabisa. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno, na kuvuta mgongo kukawekwa miongoni mwa tiba zisizopendekezwa kwa wagonjwa wengi.

Madhara ya meza yako wazi zaidi kuliko faida zake. Kichwa kikiwa chini, presha ya damu hupanda na shinikizo ndani ya jicho huweza kuongezeka takriban mara mbili. Kwa hiyo haiwafai wenye presha, ugonjwa wa moyo, glakoma, waliowahi kupata kiharusi, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wajawazito, na wazee ambao mifupa yao imekuwa dhaifu.

Kabla ya kupinduka ni lazima chanzo cha maumivu kijulikane. Maumivu yanayoambatana na homa, kukonda au jasho la usiku yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo au bruselosisi, ambayo huambukizwa pia kwa kunywa maziwa mabichi. Ganzi kati ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo au miguu kukosa nguvu ni dharura ya siku hiyohiyo. Nyamagana ina Hospitali ya Bugando na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure, ambako uchunguzi wa dalili hizo hufanyika.

Aliyeruhusiwa na daktari huanza na nyuzi 15 hadi 30 kwa dakika moja au mbili, akiwa na msimamizi, na hurudi polepole ili asipate kizunguzungu. Asiye na meza anaweza kulala chali sakafuni na kuweka miguu juu ya kiti, magoti yakiwa yamekunjwa; mkao huo nao huupunguzia mgongo mzigo.

Tiba iliyothibitishwa zaidi ni mwendo: kutembea, mazoezi ya kuimarisha tumbo na mgongo chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, na kuendelea na kazi badala ya kulala kitandani. Mchukuzi hugawanya mzigo, huukumbatia karibu na kifua na kuinuka kwa nguvu ya magoti. Dereva hushuka mara kwa mara na kujinyoosha. Meza, kwa anayeimudu, ni nyongeza tu ya hayo.