Benno Ndulu, Mwalimu wa Wachumi

Benno Ndulu, aliyezaliwa mwaka 1950, alipata shahada ya uzamivu ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi kuwa profesa. Mchango wake mkubwa zaidi, hata hivyo, ulikuwa Nairobi, katika taasisi ya Afrika ya utafiti wa uchumi iliyoanzishwa mwaka 1988. Idara nyingi za uchumi barani zilikuwa na wahadhiri wachache. Kwa hiyo, kupitia taasisi hiyo, vyuo viliungana kutoa shahada ya uzamili, na wanafunzi wa nchi mbalimbali wakakusanywa Nairobi kusoma pamoja masomo ya kuchagua. Mpango huo unastahili sifa kubwa. Kuanzia 2008 hadi 2018 Ndulu alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania. Alifariki mwaka 2021.