Amri moja usiku, data zapotea: somo kwa wanaotunza hifadhidata

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, fundi mmoja wa kampuni ya GitLab alikuwa mbele ya kompyuta yake akijaribu kurekebisha hitilafu. Kampuni hiyo huwahifadhia waandishi wa programu kazi zao kwenye intaneti. Ilikuwa na seva mbili za hifadhidata: moja kuu, na nyingine ya akiba iliyopaswa kufuata kila kinachoandikwa kwenye ile ya kwanza. Seva ya akiba ilikuwa imebaki nyuma.

Karibu saa tano za usiku, saa za kimataifa, fundi huyo aliandika amri ya kufuta folda ya data kwenye seva ya akiba ili aanze upya. Baada ya sekunde moja au mbili akatambua kwamba yumo kwenye seva kuu. Akasimamisha amri, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Kati ya gigabaiti karibu 300, zilibaki 4.5 tu.

Nakala zilizodhaniwa zipo

Kosa la mkono ni jambo linaloweza kumpata yeyote. Kilichowashtua mafundi wengi duniani ni kilichofuata. Walipokwenda kutafuta nakala za akiba, walikuta mahali pa kuzihifadhi pakiwa patupu.

Kampuni hiyo ilikuwa ikitumia hifadhidata ya PostgreSQL toleo la 9.6. Kila siku, kifaa kiitwacho pg_dump kilipaswa kuchukua nakala. Lakini kilichokuwa kikiendeshwa ni pg_dump cha toleo la 9.2, na kifaa hicho hukataa kunakili hifadhidata iliyo na toleo jipya kuliko lake. Kwa hiyo kazi ilishindwa kila mara. Barua pepe za kutoa tahadhari nazo zilikataliwa na seva ya barua, basi hakuna aliyejua.

Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi yuleyule alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali, kwa ajili ya kazi nyingine. Huduma ilirudi jioni ya siku iliyofuata. Hata hivyo, data za saa hizo sita zilipotea moja kwa moja: kwa makadirio ya kampuni yenyewe, miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na akaunti mpya kama 700.

Inahusu nini kwetu?

Hapa Congo, hifadhidata za aina hiyo zinafanya kazi kila siku. Wizara ya Afya hukusanya takwimu za kanda za afya 519 kwa kutumia mfumo wa DHIS2, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ambao data zake hukaa ndani ya PostgreSQL. Mbali na mfumo huo wa taifa, kuna hospitali, shule, vyama vya akiba na mashirika yanayotunza majina na hesabu kwenye seva ndogo iliyowekwa kwenye kona ya ofisi.

Mara nyingi seva hiyo haina mtu rasmi wa kuitunza. Inafanya kazi mpaka siku itakapozimika. Siku hiyo, mgonjwa wa kisukari anafika na faili lake halipo, au mama aliyeweka akiba yake kidogo kidogo anaambiwa asubiri mpaka hesabu zitakapopatikana.

Kazi tatu, amri chache

Utunzaji wa kawaida hauhitaji programu ya bei. PostgreSQL hutolewa bure, pamoja na vifaa vyake vinavyotumiwa kwa kuandika amri kwenye kibodi, bila kubofya vitufe. Faida yake ni kwamba amri iliyoandikwa leo inaweza kurudiwa kesho vilevile, na hata kupitia intaneti dhaifu, kwa kuwa yanayosafiri ni maandishi tu.

Kazi ya kwanza ni nakala. Amri hii hutosha kwa hifadhidata iitwayo "hospitali":

pg_dump -Fc hospitali > hospitali.dump

Watumiaji wanaweza kuendelea na kazi zao wakati nakala inachukuliwa. Ila pg_dump hainakili majina ya watumiaji wa seva na haki zao. Hayo huchukuliwa kwa pg_dumpall pamoja na chaguo la --globals-only. Wanaotumia MySQL au MariaDB wana mysqldump.

Kazi ya pili ni usafi. PostgreSQL inapobadilisha au kufuta mstari katika jedwali, mstari wa zamani hauondoki papo hapo. Hubaki pale kama takataka, na jedwali huzidi kunenepa. Kuna mfagiaji wa ndani anayefanya kazi peke yake, lakini baada ya kufuta data nyingi kwa mara moja ni vizuri kumsaidia:

vacuumdb --all --analyze

Neno --analyze huiambia hifadhidata ihesabu upya yaliyomo, ili ichague njia ya haraka ya kutafuta. Tahadhari: chaguo la --full hufunga jedwali zima mpaka kazi iishe. Si la kuendeshwa saa nne asubuhi wakati wagonjwa wamejipanga mapokezini.

Kazi ya tatu ni faharasa, yaani orodha zinazosaidia kupata jina bila kusoma jedwali zima. Nazo huvimba. Amri ya reindexdb huzijenga upya, na tangu toleo la 12 chaguo la --concurrently huruhusu watu waendelee kuandika wakati huo.

Umeme, na mlima

Kazi hizi hupangiwa saa kwa kutumia cron, programu inayoamka yenyewe na kutekeleza amri. Lakini cron haifanyi kazi kwenye mashine iliyozimika. Ofisi inayozima jenereta saa kumi na moja jioni haifai kupanga nakala saa nane za usiku.

Pia nakala isikae kwenye mashine ileile. Wakaaji wa Goma wanakumbuka tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na lava ikafika karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye, sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama, na mamia ya maelfu ya watu wakaelekea Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Katika hali kama hiyo hakuna anayebeba seva mgongoni. Nakala iliyokwisha kupelekwa mji mwingine ndiyo inayobaki. Na kwa kuwa ina majina ya watu, ifungwe kwa nywila kabla ya kusafirishwa.

Jaribio la mwezi

Baada ya ajali yake, GitLab ilieleza hadharani kila kilichotokea. Miongoni mwa hatua ilizojipangia ni kubadilisha maandishi yanayoonekana mbele ya amri, ili fundi atambue mara moja yuko kwenye seva gani. Kwenye ofisi ndogo, kuandika neno hostname na kusoma jibu kabla ya kufuta chochote kunatosha.

Lililo muhimu zaidi ni kuijaribu nakala. Mara moja kwa mwezi, mhusika atengeneze hifadhidata tupu kwa createdb, airudishe nakala humo kwa pg_restore, kisha ahesabu: je, idadi ya wagonjwa inalingana na ile ya seva kuu? Tarehe na jibu viandikwe kwenye daftari, na mkuu wa ofisi atie sahihi. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha, kabla ya siku ya ajali, kama nakala zipo kweli au zinadhaniwa tu.