Habari za Dunia Zimefika Jarubani

Mkulima wa Mchombe asikiapo redioni kwamba wakuu wa mataifa wamekutana kujadili joto la dunia, aweza kudhani kuwa hizo ni habari za watu wa mbali. Jina lenyewe, mabadiliko ya tabianchi, ni jina la wataalamu. Hata hivyo, katika habari zote za dunia hapana iliyo karibu zaidi na jaruba lake la mpunga kuliko hiyo.

Bonde la Kilombero ni zawadi ya maji. Upande mmoja imesimama milima ya Udzungwa, na upande wa pili nyanda za juu za Mahenge. Mito kama Mngeta, Mpanga, Mnyera na Ruhuji hukusanyika bondeni na kuulisha mto Kilombero, ambao nao huupa mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Kila masika mto hutapakaa mbugani, huacha rutuba, kisha hurudi mahali pake. Juu ya desturi hiyo wazee waliweka hesabu yao: lini kulima, lini kupanda, lini kuhamia katika madungu ya shambani kulinda ndege. Dunia nayo iliutambua utajiri huu, kwani mwaka 2002 bonde liliandikwa katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar.

Sasa hesabu hiyo ya wazee yaharibika. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii 1, huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya sehemu 7 katika kila mia. Kwa hiyo mawingu yakifunguka hufunguka kwa kishindo, na jua likiwaka huikausha ardhi upesi zaidi. Tena mwaka 2024 ulikuwa wenye joto kuliko miaka yote iliyopata kupimwa.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Siku hizi dalili yaonekana mbali zaidi, katika joto la maji ya bahari ya Pasifiki, ambalo likizidi huitwa El Niño. Mwezi Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza kwamba El Niño ipo na kwamba mvua kubwa zatazamiwa. Mvua zikaja. Mjini Ifakara mto Lumemo uliingia majumbani mwa watu. Mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekwisha kufa nchini kwa sababu ya mvua hizo, na zaidi ya 200,000 wamepatwa na madhara.

Hapa ndipo penye fundisho. Onyo lilitolewa mapema, lakini kutoka ofisini hadi jarubani ni safari ndefu. Mtu aambiwapo kwamba mvua zitakuwa “juu ya wastani”, bado hajaambiwa apande nini, apande wapi, wala aihifadhi wapi mbegu yake. Lakini bwana shamba akisimama katika mkutano wa kijiji, kabla ya jembe la kwanza, akayageuza maneno hayo kuwa maneno ya shamba, onyo litakuwa limefika. Aseme mabondeni kuna hatari, na kwamba ghala lisiwe kando ya mto. Na mvua zikitazamiwa kukatika mapema, aseme afadhali SARO 5, mbegu iliyotoka katika kituo cha utafiti cha KATRIN hapo Ifakara, kwa kuwa hukomaa mapema kuliko Supa.

Wapo watakaouliza: mkulima wa Mchombe alichafua hewa lini, hata abebe mzigo huu? Swali hilo ni la haki. Afrika nzima hutoa kadiri ya sehemu 4 tu katika kila mia ya hewa chafu ya dunia. Ndiyo maana katika mkutano wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, na huko Dubai mwaka 2023 yakaidhinisha namna ya kuuendesha. Wenye viwanda hawana budi kuujaza mfuko huo, nasi tusichoke kuwadai. Hiyo ni haki yetu, wala si sadaka.

Lakini maji hayangoji mkutano. Tena lipo lililo mikononi mwetu wenyewe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu zenye kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Anayefyeka miti ya ukingoni ili apate majaruba mawili zaidi, aufungulia mto mlango wa nyumba ya jirani yake.

Kwa hiyo, kabla ya mvua zijazo, wananchi wa Mchombe na wa bonde lote waulize mambo matatu katika mikutano ya vijiji vyao: utabiri wa msimu huu wasemaje, kwa utabiri huo tupande nini na wapi, na maji yakija usiku, ni nani atakayewaamsha wazee na watoto, na watakimbilia wapi? Kijiji chenye majibu ya maswali hayo matatu ndicho kilichozisikia habari za dunia.