Mpira Ndani ya Muhogo

Kwamkoro ni mahali pa chai na msitu katika Usambara ya Mashariki, jirani kabisa na Amani, na msitu wake, ambao tangu mwaka wa 1997 umo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, unajulikana na wanavyuoni wa mimea duniani kote kwa miti na maua ambayo ni nadra kuonekana pengine. Walakini iko habari moja ya milima hiyo isiyotajwa mara nyingi, nayo ni kwamba maradhi mawili makubwa ya muhogo, yanayowanyima watu chakula tangu pwani ya bahari ya Hindi hadi nchi za Maziwa Makuu, yote mawili yaliandikwa kwa mara ya kwanza kutokana na mashamba ya upande huo: batobato, iliyoelezwa na Mjerumani Warburg mwaka wa 1894 katika maandishi yake juu ya mimea ilimwayo Usambara, na michirizi ya kahawia, iliyoelezwa na mtaalamu H. H. Storey mwaka wa 1936 alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani. Na katika milima ile ile ilianza kazi ya kuyashinda maradhi hayo kwa njia ya urithi wa mmea wenyewe, kazi ambayo siri yake haikusomeka barabara mpaka zilipopita zaidi ya nusu karne.

Maradhi haya husababishwa na virusi, nayo huenea kwa njia mbili: huenezwa na nzi weupe warukao kutoka shamba hadi shamba, na huenezwa na mkono wa mkulima mwenyewe achukuapo pingili za mti mgonjwa akazipanda asijue. Batobato hujidhihirisha mapema, kwa maana majani hujikunja na kufanya mabaka ya manjano, na mti ukadumaa. Lakini michirizi ya kahawia ni adui msiri, awezaye kumwacha mkulima akilisifu shamba lake mwaka mzima, hata siku ya kung'oa akakuta viazi vimejaa uozo mkavu wa kahawia, visifae kuliwa wala kuuzwa. Hata hivyo, aghalabu huonekana jambo la ajabu: muhogo wa aina moja umeharibika wote, ilhali wa aina nyingine, uliopandwa siku ile ile katika udongo ule ule, umetoa viazi vyeupe na vizima. Dhahiri tofauti hiyo imo katika urithi, na swali lililowashughulisha wataalamu ni kujua imo mahali gani katika urithi huo, na kama ni kazi ya jeni moja, yaani kipande kimoja cha urithi, au nyingi.

Ziko sifa ambazo jambo lake ni jepesi. Mtawa Gregor Mendel, katika taarifa aliyoichapisha mwaka wa 1866, alionyesha kwa njegere kwamba baadhi ya sifa hurithiwa nzima nzima, mtoto akawa nayo au asiwe nayo. Amani yenyewe ilitoa ushahidi wa namna hiyo katika wanyama wadogo kabisa, kwani mwaka wa 1932 Storey alitoa habari za mdudu mrukaji aitwaye Cicadulina mbila, aenezaye ugonjwa wa milia ya mahindi, akasema kwamba wako wawezao kuueneza na wako wasioweza hata wakiunyonya mmea mgonjwa, na kwamba alipowazalisha kwa mpango alithibitisha kuwa uwezo huo hurithiwa kwa jeni moja inayofuatana na jinsia. Kisha aliwatoboa utumbo wale wasioweza kwa sindano nyembamba mno, nao wakaweza. Ikabainika kwamba kizuizi kilikuwa katika ukuta wa utumbo, ambao kwa baadhi yao hupitisha virusi na kwa wengine huvizuia.

Lakini sifa nyingi zenye manufaa kwa mkulima na mfugaji, kama vile wingi wa mavuno, wingi wa maziwa, na ustahimilivu wa ukame au wa maradhi, hazikubali kugawanywa katika makundi mawili hivyo, bali hupanda na kushuka kidogo kidogo kutoka mmoja hadi mwingine. Mwaka wa 1909 Msweden Herman Nilsson-Ehle alionyesha kwa rangi ya punje za ngano kwamba jeni kadhaa, kila moja ikiitii kanuni ya Mendel, zikijumlisha nguvu zake hutoa mfululizo wa rangi kutoka nyeupe hadi nyekundu iliyokoza. Na mwaka wa 1918 Mwingereza Ronald Fisher akalithibitisha jambo hilo kwa hesabu. Sifa ya namna hii ni mithili ya mwendo wa jahazi, ambao hautokani na tanga peke yake, wala umbo la chombo peke yake, wala nahodha, wala upepo, bali hutokana na vyote pamoja, na upepo ukibadilika chombo kile kile huenda mwendo mwingine.

Wataalamu wa Amani waligundua kwamba ustahimilivu wa muhogo ni wa aina hii ya pili. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols, walipojaribu mihogo mingi katika miaka ya 1930 na kuona kwamba hakuna uliosalimika kabisa, waligeukia jamaa wa mbali wa muhogo, miongoni mwao mti wa mpira ujulikanao kwa wanavyuoni kwa jina la Manihot glaziovii, ambao Wajerumani walikuwa wameupanda nchini kwa ajili ya utomvu wake. Mti huo hauna viazi vya kuliwa, lakini una nguvu ya kupigana na maradhi. Basi waliuchavusha na muhogo kwa mkono, wakachukua watoto wake wakawachavusha tena na muhogo, na tena, mara tatu, ili viazi virudi na ubora wa chakula urudi, huku kila mara wakiwachagua wale waliosimama imara mbele ya maradhi. Baada ya Nichols kazi iliendelezwa na D. L. Jennings katika miaka ya 1950. Mbegu za Amani zilikwenda mbali: zilizofika Ibadan, Nigeria, zilitoa uzao wenye nambari 58308, ambao ukawa mzazi wa mihogo iliyosambaa Afrika ya Magharibi tangu miaka ya 1970, na uzao mwingine wenye nambari 46106/27 ulibaki mikononi mwa wakulima wa pwani, ukaitwa Kaleso upande wa Kenya na Namikonga upande wa kusini ya Tanzania.

Wazee hao walichagua kwa macho na kwa subira, lakini hawakuwa na njia ya kujua ni vipande gani vya mpira vilivyosalia ndani ya muhogo wao. Njia ya kujua ilikuwa imeanza kuonekana Marekani mwaka wa 1923, Karl Sax alipoona kwamba rangi ya maharage hufuatana na uzito wake, akafahamu kuwa jeni ya rangi, iliyo rahisi kuonekana, yaweza kuwa alama ya mahali ilipo jeni ya uzito, isiyoonekana. Urithi wa kila kiumbe umepangwa katika nyuzi ziitwazo kromosomu, na muhogo una jozi 18 za nyuzi hizo. Mzazi anapotoa chavua au yai, nyuzi za kila jozi hukatika na kubadilishana vipande, hata kila mtoto akapata mchanganyiko wake mwenyewe. Alama na jeni zilizokaribiana hurithiwa pamoja mara nyingi, na zilizo mbali huachana. Basi mtafiti huchukua wazazi wawili wanaotofautiana, akazalisha watoto wengi, akapima sifa kwa kila mmoja, akasoma alama zake zote, kisha kwa kila alama akawagawa watoto katika makundi kwa kadiri ya walichorithi na kulinganisha wastani wa makundi hayo. Pale wastani unapotofautiana sana, hata isiweze kudhaniwa kuwa ni bahati tu, hapo karibu pana jeni yenye kuhusika, na mahali hapo hutiwa katika ramani.

Ndivyo walivyofanya watafiti wa Tanzania na wenzao, wakiongozwa na Esther Masumba, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017. Walioanisha Namikonga, yenye kustahimili michirizi ya kahawia, na Albert, ambayo hushindwa na michirizi lakini hustahimili batobato; wakapata watoto 240, wakawapanda Naliendele huko Mtwara na Chambezi huko Bagamoyo, mahali ambapo maradhi ni makali, kwa misimu miwili ya 2013 na 2014, na wakachora ramani yenye alama 943. Kwa batobato jambo lilikuwa wazi: nguvu yote kubwa ilikuwa katika kromosomu ya 12, kwa upande wa Albert. Kwa michirizi ya kahawia nguvu ilitawanyika: eneo moja katika kromosomu ya 2, jingine katika kromosomu ya 11, na dalili za la tatu katika kromosomu ya 18. Zaidi ya hayo, eneo la kromosomu ya 2 lilijitokeza Naliendele misimu yote miwili, na lile la 11 likajitokeza Chambezi misimu yote miwili. Maana yake ni kwamba mmea ule ule hutumia silaha mbalimbali mahali mbalimbali. Wala ramani haionyeshi jeni yenyewe kwa kidole, kwani katika eneo lile la kromosomu ya 11, ijapokuwa ni dogo sana, zilihesabiwa jeni 27.

Mwaka wa 2016 wataalamu wengine waliokuwa wamesoma urithi wote wa muhogo na jamaa zake walionyesha vipande vya mti wa mpira vilivyobaki katika vizazi vya Amani. Na utafiti wa 2017 juu ya uzao wa Kiroba, muhogo maarufu wa pwani ya Tanzania, uliona kwamba baadhi ya maeneo ya ustahimilivu yameangukia juu ya vipande hivyo hasa. Kazi ya mikono ya Storey na Nichols imesomeka.

Kwa wanyama kanuni ni hiyo hiyo, ila gharama ni kubwa na muda ni mrefu. Mwaka wa 2003 watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI, Nairobi, walitangaza matokeo ya kuoanisha ng'ombe wa N'Dama wa Afrika ya Magharibi, anayestahimili nagana iletwayo na mbung'o, na Boran wa Kenya, asiyeistahimili. Wakawapima wajukuu 177. Maeneo yenye kuhusika yalionekana katika kromosomu nyingi, na katika baadhi yake sehemu njema ilitoka kwa Boran, yule aliyedhaniwa kuwa dhaifu. Funzo lake ni kubwa kwa mfugaji: ng'ombe aonekanaye mnyonge huenda amebeba hazina ambayo mwenye nguvu hana.

Faida ya ramani ni kuokoa wakati. Badala ya kungoja mwaka mzima na kung'oa, mtaalamu huweza kusoma jani la mche mchanga na kuacha wale wasio na matumaini. Lakini ina mipaka: alama iliyofaa katika ukoo mmoja huenda isifae katika ukoo mwingine, na jeni zenye nguvu ndogo hujificha, kwa hiyo katika kituo cha Namulonge, Uganda, na kwingineko, wataalamu wamekwenda mbele kwa kuzipima alama zote pamoja na kukadiria thamani ya mmea mzima. Hata hivyo hakuna alama iwezayo kuondoa haja ya kuupanda muhogo Mtwara, Bagamoyo na Muheza na kuungoja ung'olewe.

Basi mkulima na ayafahamu mambo mawili. La kwanza, apande pingili safi kutoka shamba lisilo na ugonjwa, kwa sababu hata muhogo wenye urithi bora huchakaa ukipandwa tena na tena kwa pingili zenye virusi mwaka baada ya mwaka. La pili, asiitupe mbegu ya wazee kwa kuwa imekuja mpya. Namikonga ilihifadhiwa na wakulima miaka mingi baada ya kazi ya Amani kukoma, na lau wangeiacha ipotee, watafiti wa leo wasingekuwa na ukoo wa kuuchorea ramani.